Jengo Nililomwonyesha Mzee Masinde

Jumatano, 8 Juni 1994
Nimekwisha. Babake Nangila amefika kutoka Bungoma. Kabla hajanipa binti, anataka kuona ninapofanya kazi. Mwaka mzima nimemwandikia kwamba mimi ni mwanasayansi wa Akademia ya Taifa ya Sayansi, lile jengo lenye kuba linaloonekana mji mzima. Ukweli ni kwamba napakia sabuni Industrial Area, kibarua cha siku. Nangila anajua. Kasema nimwambie babake ukweli. Huyo naye hana mpango.

Alhamisi, 9 Juni
Mpango upo. Jumamosi wananchi huruhusiwa kuingia kutazama jengo. Bedan wa bucha hapa mtaani Tena ameniazima koti lake jeupe. Nimelifua mara tatu. Damu ya mfukoni imekataa kutoka.

Jumamosi, 11 Juni
Heri ningezaliwa bubu. Mzee alilitazama kuba, akavua kofia. Nikamweleza nguzo na ngazi. Nikasema ofisi yangu iko juu kabisa. Kisha akatoa mfukoni shina la mhindi. Kumbe shamba lake lote limeingiwa na funza, na amekuja ili mkwe msomi amwokoe. Nikamwambia anyunyize maji ya chumvi. Mama mmoja mwenye sweta, aliyekuwa akipita, akasema chumvi itaua mahindi kabla ya funza. Ni Daktari Ayuma, mtaalamu wa wadudu. Akaniuliza niko idara gani. Nikasema ya juu. Akaketi na mzee kwenye ngazi saa nzima, akamwandikia dawa. Mimi nilimshikia mzee mfuko wake.

Jumapili, 12 Juni
Nangila amekuja baada ya kanisa, macho mekundu. Babake amegundua kwamba mimi si mwanasayansi. Anasema hata yeye alianza kwa kukata miwa ya watu. Hadharau kazi ya mtu. Ila mwongo hampi binti. Kesho, kabla hajapanda basi, nimwambie kwa kinywa changu kazi yangu. Nikisema kweli, tunaoana. Nimelia. Simstahili mzee huyu.

Jumatatu, 13 Juni
Nimesema. Mbele ya Nangila: mimi si mwanasayansi, niko kiwanda cha sabuni. Mzee akanishika mkono, akaniita mwanangu. Kisha akauliza, kwa upole tu, kule kiwandani ninafanya nini. Upole ule ndio ulioniponza. Nikaona haya kumpa mtu mwema kama yule jibu dogo.

Nikasema mkurugenzi.

Ameahirisha safari, kesho anataka kukiona kiwanda. Nangila ametoka bila kuniaga. Natafuta mtu wa kuniazima tai.