Sikio la Kushoto la Msimamizi Mtarajiwa

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo ukutani! Kampuni yetu hupokea simu za watu wa ng'ambo ambao mashine zao za kufulia zimegoma. Sasa watengenezaji wa mashine hizo, wanaotulipa, wanataka msimamizi wa zamu atoke katika "makundi yaliyosahaulika". Nani amesahauliwa kunizidi? Miaka minne kiti kilekile! Afisa utumishi akanijibu kwamba kusahauliwa na bosi si kundi. Balaa. Mama mkwe nilishamwambia cheo ni changu, naye ameshautangazia ukoo mzima.

Jumanne, 5 Machi
Nimejipima. Mwanamke? Sina bahati hiyo. Kijana? Nimepitiliza kwa mwezi mmoja. Mpinzani wangu ni Dada Magurudumu (jina kajipa mwenyewe, kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu). Simu arobaini kwa siku, na hapandishi sauti hata akitukanwa. Wanasema anastahili. Kama kwamba kustahili ndiyo hoja! Nimejaza fomu: sikio la kushoto halisikii. Nani atapima?

Jumatano, 6 Machi
Hakuna aliyepima. Wameamini! Bosi kaniita, kanipigia kelele kwa huruma hadi mate yakanifikia. Akasema kampuni hii inajali watu, haiwezi kumtesa asiyesikia vizuri kwa simu saa nane kutwa. Nimehamishiwa chumba cha kuwajibu wateja kwa maandishi. Wenzangu huandika kwa vidole kumi. Mimi nina viwili vinavyojua kazi.

Alhamisi, 7 Machi
Dada Magurudumu kapita kushoto kwangu, kanong'ona kwamba zipu yangu iko wazi. Nikainama upesi. Ilikuwa imefungwa! Kacheka hadi akashika meza. Akasema hatanisemea, ila niifute fomu mwenyewe, maana kuna wasiosikia kweli wanaoingoja nafasi hiyo. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri.

Ijumaa, 8 Machi
Kapewa yeye. Na saa nne mama mkwe huyo mapokezini, na mashemeji wawili na saa ya ukutani iliyofungwa utepe, wamekuja kumpongeza msimamizi. Dada Magurudumu akawaeleza kwa upole kwamba msimamizi ni yeye. Mama mkwe akanitazama kutoka viatuni hadi utosini, kisha akamkabidhi yeye saa. Niliona haya, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kasema Jumatatu nikaifute ile fomu, kisha nijifunze kuandika kwa vidole vyote. Kasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikakubali kwa moyo mweupe. Nilikuwa karibu kulia.

Jioni nikaona tangazo la kampuni nyingine. Wanatafuta wazee waliopita miaka sitini, ili "wasiachwe nyuma na teknolojia". Mafunzo bure, na mmoja atakuwa kiongozi.

Unga wa ngano unatoa mvi safi sana, nimejaribu. Kesho naenda kwa baba mkwe kuazima mkongojo.