Majibu Yaliyoshonewa Pindoni

Biashara ya Profesa ilianzishwa na miwani. Uprofesa wenyewe hakuwa nao hata wa bandia, na miwani aliivaa kwa sababu fremu yake ilimpendeza. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi refu nje ya chumba cha kupimia neva, ameshika karatasi ya majibu yake, anaigeuza juu chini, chini juu, ndipo mzee mmoja dereva wa lori aliyekaa pembeni yake akamnong'oneza, "Samahani bwana mkubwa, kwani wewe hizi unazisoma?"

Profesa akainua kichwa. Benchi zima lilikuwa limeshika karatasi, na hakuna hata mmoja aliyeielewa ya kwake. Ndani ya chumba kile ulichomwa sindano kwenye msuli, ukatiwa umeme mpaka vidole vikaruka, kisha ukatoka na ukurasa wa tarakimu na mistari ya kupanda na kushuka. Mpimaji haruhusiwi kueleza. Wa kueleza ni bingwa, na bingwa huja Alhamisi moja tu kwa mwezi, anaona watu kumi na wawili, wenye kadi za namba. Kuisubiri zamu ni miezi mitatu. Na miezi mitatu yote hiyo kila mtu alikuwa na hofu moja, ule ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, unaoanza na kidole kugoma na kuishia kwenye pumzi. Pale benchini hawakuutaja. Walisema tu "ule".

"Nazisoma," alisema Profesa, akaikunja karatasi yake mwenyewe haraka na kuitia mfukoni. "Lete tuone."

Tangu siku ile hakukosa kazini. Alitafuta koti jeupe, akaongeza kalamu mbili kifuani. Kusema kweli hakuwahi kumwambia mtu kwamba yeye ni daktari, maana koti lilikuwa linasema vya kutosha. Naye alikuwa na msimamo wa kazi: habari mbaya hatoi. Mkono ukisumbua, "mshipa umebanwa shingoni, punguza mto." Mguu ukisumbua, "mshipa umebanwa kiunoni, badilisha godoro." Majibu haya mawili aliyatunga Jumanne moja akitafuna mkate, na yalimtosha kwa hospitali nzima.

Usidhani alikula kwa majibu peke yake. Faida ilikuwa kwenye kadi. Mtu akishaambiwa ni mzima, kadi ya bingwa ya nini tena? Profesa aliipokea kwa huruma, kama anayemtua mtu mzigo, na Alhamisi asubuhi akawauzia watu wenye haraka na pochi nene. Kilichomwezesha ni mhuri. Utaratibu wa pale ni kwamba Jumatatu ya wiki ya bingwa, kila mwenye kadi lazima aje igongwe mhuri, la sivyo haihesabiki. Kwa hiyo Jumatatu hiyo walikuja wote, kadi mbichi mkononi, hofu imeiva. Mvuvi gani angeomba zaidi ya samaki wanaojileta?

Basi Jumatatu moja akaja mama mmoja wa makamo, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, amesahau kuivua.

"Shikamoo mama," alisema Profesa, akijisogeza kumpa nafasi.

"Marahaba mwanangu. Naambiwa wewe unasoma."

"Kidogo kidogo. Una shida gani?"

"Mimi ni fundi wa nguo. Gumba hili linakataa mkasi. Na hapa, tazama, nyama inacheza yenyewe."

Profesa akatazama. Kweli, nyama ilikuwa inacheza. Chini ya benchi kigimbi cha mguu wake wa kushoto nacho kikaanza kuruka, kama kilivyofanya kila siku kwa miezi mitano, naye akaukandamiza kwa mguu wa kulia, kama alivyofanya kila siku kwa miezi mitano. Mama alitupa jicho chini, halafu akalirudisha.

"Sasa nisikilize vizuri," alisema mama. "Usinipambie. Nina binti yuko chuo. Kushona anajua, kukata hajui. Na kukata hakufundishwi kwa mdomo, ni mkono juu ya mkono. Kama mkono huu unaondoka, namrudisha nyumbani wiki hii nimfundishe ungali upo. Kama hauondoki, nimwache amalize masomo yake. Nikikosea huku au huku, naliharibu maisha ya mtoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana, mama."

Alimwelewa kweli, hilo tumpe haki yake. Moyo ukamgonga mara moja. Lakini msimamo wa kazi ni msimamo wa kazi. Akavaa sura ya msiba, akaifuata mistari kwa kalamu mpaka mwisho wa ukurasa, akashusha pumzi.

"Kalale usingizi, mama. Mshipa umebanwa shingoni. Punguza mto."

"Si ule?"

"Ule una mawimbi marefu. Yako mafupi haya. Haya ni mawimbi ya mtu atakayekata nguo mpaka wajukuu waolewe."

"Binti amalize chuo?"

"Amalize, akitaka aongeze na kingine."

Yule mama akajifunika uso kwa futi yake akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kadi yake, namba saba, mhuri wake haujakauka, akaitoa mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Pesa hakuwa nazo za maana. Ila aliona koti la daktari wake limechanika kwapani, akasema, "Lete nikalishone. Alhamisi asubuhi nakuletea, limepigwa na pasi."

Hapa ndipo Profesa alipofikiri, na alipofikiri ndipo alipoharibu. Vitu vyake vyote vya thamani vilikuwa ndani ya koti lile. Alilala chumba kimoja na wenzake wawili wa kazi hizihizi, watu ambao hata soksi huwezi kuwaachia, kwa hiyo alichana pindo la chini akaligeuza hazina. Mlikuwa na kadi tano za siku hiyo. Mlikuwa na karatasi yake mwenyewe ya majibu, aliyoikata jina kwa wembe. Na mlikuwa na kadi yake mwenyewe, namba kumi na mbili, ya Alhamisi hiyohiyo, ambayo nayo aliigongesha mhuri. Mara zote alijiambia anaisubirishia mnunuzi wa bei nzuri.

"Nani atapekua pindo anashona kwapa?" alijiuliza. "Tena kuliko kulala na wale wezi, si bora vikalale kwa mtu mwaminifu?" Akaingia chooni, akaitia na kadi namba saba, akalifunga pindo upya kwa mkono wake, kwa uzi mweusi kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Kisha akatoka akampa koti fundi aliyeshona nguo miaka thelathini.

Alhamisi mama alikuja mapema kama alivyoahidi. Koti liling'aa. Profesa akalivaa, akapapasa pindo kwa siri, akasikia ugumu wake mle ndani. Akashukuru, akaketi, akakunja nne, akasubiri pochi nene.

Wa kwanza kutokea kwenye ngazi alikuwa mwalimu mmoja ambaye Profesa alimponya Jumatatu. Profesa akamwinamia kwa heshima. Mwalimu hakujibu, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa bingwa, akaonyesha kadi. Akaja muuza mkate aliyemponya Jumatatu, naye na kadi. Akaja dada mmoja wa saluni, naye vilevile. Profesa akahesabu waliopona wakiingia kwa daktari, na walipofika watano akakimbilia chooni, akachana pindo kwa meno.

Mlikuwa na vipande saba vya kitambaa kigumu cha kutilia kola, vimekatwa sawasawa na kadi, kingo zake zimezungushiwa uzi ili zisifumuke. Kazi safi sana. Karatasi yake haikuwemo.

Alimkuta fundi anatoka kwa bingwa, macho mekundu, mkoba kwapani.

"Mama, umenifanyia nini?"

"Nimekushonea koti. Mwanangu, uzi mweusi kwenye koti jeupe! Ningeweza kulala na mshono ule nyumbani kwangu? Nikaufumua niushone upya. Nyuma ya kila kadi kuna namba ya simu ya mwenyewe. Nikapiga."

Profesa akafungua mdomo, mdomo ambao haujawahi kumwangusha. Ukasema kitu ambacho hata yeye hakukitarajia.

"Ile karatasi... iliyokatwa jina."

"Ya mguu wa kushoto? Nimeingia nayo. Nimemwonyesha bingwa."

"Akasemaje?"

Mama akakaa benchini, akamtazama toka juu hadi chini kama anayempima suti. "Kwani majibu hapa yanatolewa bure?"

"Unataka nini? Sema! Chochote!"

"Hilo koti."

Alilivua kwa haraka mpaka kalamu zikaruka. Mama akalikunja vizuri, akalitia kwenye mkoba, akaufunga. Kisha akavaa sura ya msiba, akashusha pumzi.

"Mshipa umebanwa kiunoni. Badilisha godoro."

Furaha ilimpanda Profesa toka unyayoni. Alitaka kumkumbatia yule mama, alitaka kumkumbatia mfagiaji wa korido. Godoro! Hata mawili atanunua! Alifurahi hivyo kwa muda wa pumzi tatu, na kwenye ya nne akakumbuka mkate na ile Jumanne.

"Mama," alisema polepole, "ni kweli hilo?"

"La kwangu lilikuwa kweli?"

Profesa akatazama viatu vyake. Kigimbi kilikuwa kinaruka, na safari hii hakukikandamiza.

"Mama, nakuomba. Naogopa. Miezi mitano naogopa."

"Najua. Nilikuona Jumatatu." Sauti ya fundi ikalegea kidogo. "Bingwa amesema karatasi peke yake haisemi. Inaweza kuwa ule, inaweza kuwa jambo dogo tu. Lazima amwone mwenye mguu, amgonge goti, amtembeze, ndipo aseme. Mtu anayekwambia amejua kwa karatasi tu, amesema, huyo mkimbie."

"Na wewe?"

"Mimi amenigonga, amenipima mikono yote miwili. Ni ule. Nimelia humo ndani, nitalia tena nikifika nyumbani. Binti nimeshampigia, kesho yupo. Tunaanza na magauni, kola ni ngumu, tutakwenda nayo taratibu. Siku tatu umenipotezea, hizo sijui nitakudai wapi."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokatwa jina na kadi moja, akamwekea kwenye mapaja. Akarekebisha futi shingoni, akashuka ngazi, koti jeupe likichungulia kwapani kwake. Baadaye walisema amelifanya vitambaa vya kumfundishia binti kukata.

Profesa akabaki amekaa na shati lake. Benchi lilipungua mtu mmoja mmoja mpaka akabaki yeye. Mlango ukafunguka, muuguzi akachungulia.

"Namba kumi na mbili!"

Profesa akaitazama ile kadi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, labda kuna mtu wa kumuuzia. Korido ilikuwa tupu.

"Kumi na mbili hayupo?" aliuliza muuguzi, mkono kwenye kitasa.

"Yupo," alisema Profesa, na akasimama, mguu wa kulia kwanza.