Dada Yako na Mayai ya Chatu Wangu

Shubra, Kairo

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Haji Sabri,

Salamu nyingi ziwafikie hapo Aleksandria. Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu dada yako Ibtisam, mke wangu, aliyehamia kwako tangu Ijumaa. Najua ameshakusimulia ya kwake. Haya ni ya kwangu.

Chatu wangu Yasmina ametaga, nami nayaatamisha mayai yake hapa nyumbani, ndani ya boksi lenye taa ya joto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mayai ya nyoka hayageuzwi. Yakigeuzwa, kitoto huweza kufia ndani. Ibtisam aliyageuza yote, kisha akanijibu: "Mama aligeuza ya bata maisha yake yote, na hakuna bata aliyelalamika."

2. Umeme ulipokatika, niliomba kwa adabu boksi likae jikoni, kando ya sufuria yake ya maharagwe. Akasema, "Wagdi, una akili wewe?" Tena mbele ya wageni.

3. Baridi ilipozidi nikalileta kitandani, katikati yetu. Mke mwenye utu angesogea kidogo. Yeye amesogea mpaka Aleksandria.

4. Ametangazia jengo zima. Bawabu wetu, mzee Gharib, hapandi tena kuchukua takataka. Anapiga kelele kutoka chini: "Ustadhi, teremsha mwenyewe! Mimi nina watoto!" Shemeji, watoto wake wote wana ndevu.

Kwa hiyo naomba umrudishe, aniombe radhi mimi, na Yasmina pia. Na umweleweshe kwamba kumwogopa chatu ni ujinga mtupu. Ni mpole kuliko paka. Mtu mstaarabu akimwona hata hashtuki.

Msalimie mkeo, watoto, mama mkwe, na yeyote hapo aliyeulizia hali ya mayai.

Ni mimi shemeji yako niliyedhulumiwa,
Wagdi

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, mayai yameanguliwa, yote mazima. Wa kwanza alitoa kichwa, akanitazama. Nikajikuta chini kwa mzee Gharib, bila viatu. Ndiye aliyempigia simu Ibtisam. Amekuja na treni, akaingia peke yake, akafunga mlango. Nilimsikia akisema, "Njoo kwa mama, maskini." Nikadhani ananiita mimi. Nimebisha hodi, amenijibu nipunguze kelele, wamelala. Shemeji, kile kitanda alichokuwa akilalia hapo kwako, kimeshapata mtu?