Nadharia ya Sinia

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeanza rasmi. Mwezi Juni Dokta Laurean aliniambia, kwa upole, kwamba mtoto wa jicho langu la kulia hatamtoa mpaka sukari ishuke na mwili upungue. Kidonda cha mwenye sukari nyingi hakiponi vizuri. Nirudi tarehe 17 Septemba.

Nieleze kidogo. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya jicho, kama chemni ya kandili isiyofutwa. Taa inawaka, mwanga haupiti. Nilifundisha sayansi hapa Kibaha hadi kustaafu, najua ninachosema. Jicho la kulia sasa linanionyesha mke wangu, Mama Saida, kama khanga inayotembea yenyewe.

Miezi hii yote nilikuwa napanga. Jambo lisilopangwa halisimami. Mama Saida anasema nilikuwa napanga huku natafuna vitumbua. Uongo! Zilikuwa kaimati.

Jumanne, 9 Septemba

Mbinu ya kwanza: kisahani. Mtu hula kwa macho. Chombo kikiwa kidogo, macho hudhani chakula ni kingi. Hiyo ni elimu.

Mchana nimekula wali wa nazi na mchuzi wa kuku wa kienyeji katika kisahani cha kikombe cha chai. Kikaisha. Nikaongeza. Kikaisha tena. Kasoro imejulikana: macho yangu ni mabovu, hata kudanganywa hayawezi.

Mama Saida akauliza kama hizi safari za jikoni ndiyo mazoezi aliyoyasema daktari. Nikajibu ndiyo. Akasema basi kwa leo nimeshafika Magindu kwa miguu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefunga sunna. Thawabu na afya kwa pamoja. Sijui kwa nini sikuliwaza mapema.

Hadi alasiri nilikuwa mwepesi, mwenye huruma kwa wote wanaokula. Magharibi akaingia Zahoro, kaka wa Mama Saida, kutoka Kisarawe, na kiroba cha mihogo. Zahoro ni mwembamba kama ufito wa kuezekea, na anakula kama wapakia mkaa wawili. Haki iko wapi?

Tukafuturu. Mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, tambi, uji wa pilipili manga. Zahoro, ambaye hakufunga, akaniuliza mbele ya dada yake: shemeji, ulikuwa umefunga au ulikuwa unafyeka shamba? Wakacheka wote wawili. Sikucheka. Nilikuwa na tambi mdomoni.

Baadaye akasema, taratibu, kwamba Jumamosi kwenye maulidi ya Kisarawe, kama macho yanasumbua, anaweza kunishikia fungu langu la kusoma. Kunishikia! Fungu alilosoma marehemu baba yangu kila mwezi wa maulidi, Mfungo Sita! Nikamwambia jicho litatengenezwa, na nitasoma mpaka yeye achoke kusikiliza. Akaitikia inshallah. Inshallah ya kumjibu mgonjwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeipata! Naiita Nadharia ya Sinia.

Kwenye maulidi wanaume hukaa watano kwa sinia moja. Kila mmoja anakula upande wake, nyama iko katikati. Sasa, mlaji wa polepole akikaa na walaji wakali, atapata nini? Mchuzi wa kunusa. Kwa hiyo nitakaa na Zahoro na wale vijana wa kwao wanaopakia mkaa. Watanimalizia chakula mbele ya uso wangu. Sitahitaji kujizuia. Kujizuia ni kitu kisichotegemewa, nimekijaribu.

Nimemweleza Mama Saida kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Akauliza kwa nini nisile tu kidogo. Nimemwambia hiyo si nadharia.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwa uzito wa moyo. Na wa tumbo.

Kwanza kusoma. Herufi ziliogelea. Nikasoma kwa kumbukumbu, na vizuri, mpaka katikati nikajikuta nimesimama kama mtu aliyefika kwenye daraja lililobomoka. Watu wazima wakaanza kukohoa. Ndipo Zahoro, aliyekaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza neno. Neno sahihi, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Nikaendelea hadi mwisho. Hilo sitamsamehe.

Kisha sinia. Nilichagua vizuri: Zahoro, Amiri mpakia mkaa na wenzake wawili, mikono kama mipini ya shoka. Pilau ya ng'ombe inafuka. Nikajisogeza nyuma kidogo, nikasubiri kunyang'anywa.

Sikunyang'anywa. Amiri aliniona napapasa ukingo wa sinia. Akachambua nyama iliyo laini, akaiweka upande wangu. Karibu, mwalimu. Wenzake nao wakafanya hivyo hivyo. Nikawarudishia. Wakaona mzee ana haya, wakanisogezea nyingine. Adabu! Sikuiweka kwenye nadharia! Hata Zahoro, ambaye sijawahi kumwona akitoa kitu kwenye sinia, alinipa mfupa wenye uboho.

Na nieleze: nyama uliyochambuliwa na kijana hairudishwi mara ya pili. Ni kumvunjia heshima. Nikala kwa heshima. Nilikula heshima ya watu wanne. Wanawake jikoni wakasikia mwalimu amesoma vizuri, wakaniletea ukoko.

Mama Saida alikuwa kwenye mkeka wa wanawake, anaona yote. Njia nzima hadi nyumbani Tangini hakusema neno. Yeye akisema, najua pa kujibu. Akinyamaza, sijui.

Jumanne, 16 Septemba

Kesho ndiyo kesho. Lakini sijakata tamaa. Sukari ni ile iliyomo kwenye damu saa ile ya kuchomwa sindano. Kwa hiyo leo maji tu, na matembele ya kuchemsha bila mafuta. Nimetembea hadi sokoni na kurudi. Nimekunywa maji ya mwarobaini, nikamwona shetani.

Mama Saida alikula matembele yale yale. Nikamwambia asijitese, mgonjwa ni mimi. Akasema amekula hivi tangu Juni, daktari alivyotuelekeza, akinisubiri nije tule pamoja. Nilidhani hana hamu ya chakula. Na kweli amekonda, gauni linamning'inia. Nitamwuliza Dokta Laurean, isije ikawa ni maradhi.

Jumatano, 17 Septemba

Walinichoma kidole. Nzuri! Nesi mwenyewe alisema nzuri. Nikamgeukia Mama Saida kama mwanafunzi aliyetajwa wa kwanza.

Kumbe bado. Wakatoa damu nyingine mkononi. Baadaye Dokta Laurean akanikalisha, akanieleza, mimi ambaye ndiye hueleza, kwamba kipimo hiki cha pili hakiulizi ulikula nini jana. Kinauliza umeishije miezi mitatu. Na kimejibu. Mizani nayo imepanda.

Nikauliza kama Jumamosi inaweza kuondolewa kwenye hesabu. Nikaeleza habari ya adabu. Alisikiliza hadi mwisho, ni kijana mstaarabu. Akasema hapasui. Nirudi Desemba. Akaangalia na jicho la kushoto, akasema nalo limeanza.

Nilisahau kumwuliza habari ya Mama Saida. Tulipotoka alinishika mkono ghafla. Palikuwa na mtaro, na mimi nilikuwa naelekea humo.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwandiko huu ni wa mke wangu. Jana niliandika ukurasa mzima, na leo asubuhi Mama Saida amenionyesha kwamba niliuandika kwenye kitambaa cha meza. Kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwagiza asiongeze lake.

Desemba ni mbali. Upo muda wa kutosha wa kupanga. Nadharia ya Sinia ni sahihi, kosa lilikuwa ni watu. Nilikaa na wenye adabu. Mwezi ujao kuna harusi kule kijijini Janga, na marafiki wa bwana harusi wanatoka Dar, vijana ambao nimesikia hata shikamoo hawatoi. Nitakaa nao. Hao watanila hata kidole!

Zahoro amepiga simu. Amesema mwakani tusome pamoja, yeye aanze mstari, mimi nimalizie. Nimemwambia nitafikiri. Mama Saida amesimamisha kalamu hapa, nimemsikia anapenga kamasi. Mafua.

Tangu juzi nakula matembele tu. Sijagusa kitu kingine chochote. Aandike hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Nimeandika. Ana chembe za kashata kwenye ndevu, hazioni.