Ndege Walinzi wa Pwani Wametumalizia Mpunga

Janga, karibu na Mlandizi
Juni, 1943

Bwana Mhariri mheshimiwa,

Kwa adabu na tumbo jepesi, naomba nafasi gazetini mwako nikishitaki kiwanja kile cha ndege za doria, ambazo hupita juu yetu kila asubuhi kwenda baharini kutafuta nyambizi za adui. Kosa lake ni la sarufi, nalo limetuletea njaa.

Rubani mmoja alilalamika kwamba vijana wetu walioketi madunguni kuamia kwelea wasile mpunga wameirushia ndege yake mawe ya kombeo. Likaletwa tangazo la kiwanja kwa Jumbe Pazi, nami, mwalimu mstaafu, nikaitwa kulisoma: "Ni marufuku kuwarushia mawe ndege wanaolinda pwani."

Kwanza, ndege za chuma "zinalinda". Ndege wenye roho "wanalinda". Habari ya rubani niliijua, lakini mimi husoma kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Nikawatangazia watu kwamba Serikali imewaajiri ndege wa manyoya. Mkulima mmoja, Isihaka, akauliza, "Mwalimu, hata kwelea?"

Nikamjibu, "Hata kwelea. Kiambishi hakibagui."

Watu wakashuka madunguni.

Pili, walinzi hao wamelimaliza bonde letu la mpunga. Ikiwa wameajiriwa, posho yao itoke kiwanjani.

Tatu, hakuna hata mmoja wao aliyeonekana akielekea baharini. Naomba washitakiwe kwa kutoroka kazini wakati wa vita.

Nne, mpaka tangazo lisahihishwe, rubani aje akae dunguni atuamie mpunga, maana kazi yake wanaifanya kwelea.

Siku hizi watoto huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu wa Kwelea." Naitikia marahaba, kwa kuwa sentensi yao haina kosa.

Nisalimie wapiga chapa wako, na kila msomaji anayefika hadi nukta ya mwisho.

Ni mimi, mwenye njaa iliyo sahihi,
Mwinyimadi Shomari

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu, Mwanne, barua hii. Shamba lake peke yake ndilo lililopona. Kelele za debe lake nilizisikia msimu mzima, nikadhani ni hasira zake kwangu. Ameniambia, "Tangazo limekataza kurusha mawe, bwana. Mimi debe silirushi, nalipiga." Nimekirudia kitenzi mara tatu, yuko sahihi. Nimemaliza kuandika nikiwa nimeshiba wali wake, na wanakijiji wako mlangoni wanaulizia ukoko.