Kuhusu Kura Themanini na Nane Zilizoniangukia kwa Posta

Duri Manetsch
Nyumba ya juu ya kanisa, Pradalun
Alhamisi, siku ya nne baada ya matokeo

Kwa Bi. Ladina Cathomen,
Karani wa Halmashauri ya Kijiji

Mheshimiwa Bi. Karani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ofisi yako ikiwa na joto, maana kuhusu hita ya ofisi nilishaandika mwezi Machi. Leo ninaandika juu ya jambo zito zaidi. Jumapili ulitangaza kwamba nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji kwa kura themanini na nane dhidi ya themanini na saba za Bwana Linard Caduff. Mimi sikugombea. Sikuomba, sikuulizwa, wala sikukohoa kwa namna ya kuashiria kwamba nataka.

Najua utanijibu kwamba kwetu kila mtu huandika kwenye karatasi jina analolitaka, na anayeandikwa na wengi hana ruhusa ya kukataa kabla hajatimiza miaka sitini na mitano. Nina miaka sitini na minne na miezi kumi. Nilistaafu reli mwezi Juni, na nilimwahidi mke wangu Barla kwamba miaka inayobaki ni yetu sisi wawili. Sasa mnataka mitatu kati ya hiyo, muhula mzima wa uenyekiti. Kwa hiyo napinga uchaguzi huu, kwa sababu kupiga kura kwa posta hakuna usalama hata kidogo. Hoja zangu ni hizi:

1. Mpeleka barua. Kura zote zilipita mikononi mwa Bi. Mengia, ambaye niliwahi kumlalamikia mara tisa kwa kuegesha pikipiki yake mbele ya lango langu. Ana sababu ya kunikomoa. Katika wiki mbili za kupiga kura nilimfuata asubuhi tatu, nikitembea nyuma yake kama hatua thelathini. Mfuko wake ulikuwa umefungwa muda wote. Kwenye mlima wa Sut alinisubiri, akanipa maji, akaniuliza kama goti bado linauma. Mtu mwenye hila na mkarimu kiasi hicho lazima achunguzwe.

2. Sanduku lililo mlangoni pa ofisi yako, kwa wale wasiotaka kulipia stempu. Lina kufuli mbili, na funguo ziko kwa watu wawili wasiosalimiana tangu ugomvi wa kuni. Nimejaribu kuingiza mkono. Uliishia kwenye kifundo, ukanasa, ikabidi fundi bomba aitwe. Nakiri kwamba hapo sikupata ushahidi niliokuwa nikiutafuta.

3. Hii ndiyo kubwa. Zamani tulichagua ukumbini kwa kunyoosha mikono. Ukitaka kumtwisha jirani yako mzigo, ulimtazama usoni, naye hakukusahau. Sasa karatasi inakaa wiki mbili juu ya meza ya jikoni, kati ya jibini na chupa ya mvinyo, familia inacheka, mtu anaandika jina, anatia bahasha ndani ya bahasha, basi, kazi imekwisha. Nina shahidi. Jumatatu nilikuwa kwenye foleni kwa Gieri mwenye bucha, naye bila kuniona akasema: "Huyu bwana ameandikia ofisi barua sitini na tatu. Sasa akae pale ajijibu mwenyewe." Foleni nzima ilicheka. Barla alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, na sauti ya kicheko chake naijua.

Iliniuma, Bi. Karani, sitaficha. Mtu anataka kujua kama amechaguliwa au amechekwa, na bahasha haisemi.

4. (Nimeifuta. Barla anasema ni matusi.)

5. Bahasha tatu zilikataliwa kwa sababu wenyewe hawakutia sahihi kwenye kadi ya mpiga kura. Mmoja wao namjua: ni Bibi Onna, mwenye miaka tisini na moja, ambaye hajatia sahihi popote tangu muuza mazulia amtapeli. Bibi Onna hawezi kunichagua mimi, kwa sababu nililalamikia jogoo wake. Bahasha yake ikifunguliwa, Bwana Caduff atakuwa na themanini na nane na tutakuwa sawa. Ulinijibu kwa simu kwamba bahasha yenye kadi isiyo na sahihi haifunguliwi hata na malaika. Usalama gani huu, unaozuia kura za haki na kupitisha za mzaha?

6. Mwenendo wa aliyeshindwa. Bwana Caduff, aliyekuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na mitano, ndiye aliyewanunulia watu mvinyo Jumapili. Alinishika mkono akaniambia, "Pole, jirani," huku meno yote yakiwa nje. Mtu aliyeibiwa kura hafurahi hivyo. Huenda ameiba kushindwa.

7. Ulinifahamisha pia kwamba pingamizi la uchaguzi husikilizwa kwanza na mwenyekiti, na kwamba mwenyekiti kuanzia Jumatatu ni mimi. Hili silikubali. Mtu huyo ana masilahi yake katika kesi hii, hana uzoefu, na kwa ninavyomfahamu atachelewesha kujibu.

Kwa hiyo naomba uchaguzi ufutwe na urudiwe ukumbini kwa kunyoosha mikono, siku ambayo Barla atakuwa kwa dada yake. Ikishindikana, naomba niapishwe baada ya miezi miwili, nikishatimiza umri wa kukataa.

Nisalimie mumeo na watoto, fundi bomba, Bi. Mengia, na hata Gieri, mwambie soseji zilikuwa nzuri. Bibi Onna na jogoo wake nao wasalimie.

Wako katika kudai haki,
Duri Manetsch

N.B. Barla ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaniuliza jambo moja tu: "Na wewe, Duri, uliandika nani?" Yeye nimemwambia kura ni siri, lakini wewe nakuambia. Nilijiandika mwenyewe. Nilitaka kupima usalama wa posta: matokeo yakitoka bila jina langu, ningekuwa na uthibitisho kwamba kura zinapotea. Nilikuwa na hakika kwamba karatasi yenye jina langu itakuwa moja tu. Sikutegemea kuwakuta wengine themanini na saba humo ndani. Jumatatu nitafika saa moja na nusu asubuhi. Naomba unioneshe barua za malalamiko huwekwa wapi.