Simu ya Marehemu Chini ya Mto

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Nimeondolewa kwenye usukani wiki nzima. Ijumaa nilisinzia kwenye taa za barabarani, basi likiwa na abiria kumi na tisa. Taa ikawa kijani mara tatu. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyetoka sokoni ndiye aliyeniamsha, kwa kunigonga begani na figili.

Daktari wa kampuni aliniuliza simu yangu huwa inalala wapi. Nikamjibu: kifuani pangu. Akanipa daftari la kuandika saa ninazolala. Hilo ni lake. Hili ni langu, na humu ndimo nitakamosema kweli.

Mke wangu Hye-ran ameshatoa amri. Ikifika saa tatu usiku, simu zote zinaingia kwenye ndoo tupu ya kimchi, ile kabichi ya kuchachua, kibarazani. Akasema, "Baba Seo-yul, simu ilale kwake na wewe ulale kwako." Seo-yul ni binti yetu, yuko kazini Ulsan. Angekuwepo angenitetea. Mama mkwe, tunayeishi naye, alicheka mpaka akayatoa meno yake ya bandia ayafute.

Saa za kulala: mbili. Kwa daktari nimeandika saba.

Jumanne, tarehe 5

Nimetia kipande cha sabuni ndani ya kava la simu yangu na kukitumbukiza ndooni. Kazi safi, uzito uleule. Hye-ran akainama, akanusa. Akasema simu yangu leo inanukia vizuri. Simu halisi ikatolewa soksini mwangu.

Sikukata tamaa. Kwenye droo ya kabati la sebuleni nimepata simu ya marehemu baba mkwe. Ametutoka miaka mitatu sasa. Ni ile ya zamani, unayoifungua mgongoni na kutoa betri. Nimeichaji kwa siri nyuma ya mashine ya kufulia. Imewaka, na imeshika mtandao wa nyumbani. Sasa iko chini ya mto wangu. Nitatazama video za uvuvi, sauti kimya. Amri ilikuwa simu zetu ziende ndooni. Hii si yetu.

Jumatano, tarehe 6

Nilipitiwa na usingizi mtu akiwa anavuta kambare. Saa kumi alfajiri marehemu mzee akazungumza sikioni mwangu.

"Bibie, amka. Saa imefika."

Ni sauti yake hasa, na kale kakohozi kake mwishoni. Nywele zilinisimama mpaka za miguuni. Niliibonyeza simu kila mahali hadi ikanyamaza. Hye-ran alijigeuza tu.

Asubuhi nimegundua. Ni kengele ya kuamsha. Mama mkwe alipopasuliwa mtoto wa jicho, mzee alikuwa akimtia dawa kila alfajiri, na kumbe alijirekodi. Nimejicheka. Nimeifuta kengele ile, nikahakikisha mara mbili.

Alhamisi, tarehe 7

Mama mkwe ameamka mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona. Kwenye supu ya asubuhi akatuambia kwamba usiku wa kuamkia jana mzee alimwita kupitia ukutani. Hye-ran akasema ni ndoto. Mama akasema leo amemwita tena.

Kijiko kilinitoka mkononi. Leo mimi sikusikia kitu, na kengele nilishaifuta. Au nililala fofofo. Mimi, nilale fofofo?

Mchana nimekuta nguo za maziko za mama mkwe zimeanikwa kibarazani. Ni zile za katani, alizoshonewa alipotimiza sitini ili siku yake ikifika azikwe nazo. Mikono mirefu kupita vidole. Hapakuwa na upepo, lakini mkono mmoja ulikuwa unacheza.

Ningesema. Lakini nikisema, simu inakwenda.

Ijumaa, tarehe 8

Ameanza kugawa vitu. Jirani wa chini kapewa mitungi miwili ya maharage ya kuchachua. Hye-ran kapewa pete. Mimi nimepewa shali ya mzee, na mama akaniambia, "Mkwe wangu, shingo yako ina baridi. Ivae, yeye haihitaji tena."

Hye-ran amelia jikoni. Ameniuliza kama nimemwona mama yake akibadilika. Nimemjibu kwamba wazee ndivyo walivyo. Nilijiona mshenzi.

Jioni nikaitoa betri nikaificha kwenye droo ya vijiko. Simu yenyewe nimeiacha chini ya mto. Haiwezi tena kumdhuru mtu, na mkono umeshaizoea.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika hapa saa nne asubuhi.

Saa kumi kasoro dakika chache nilikuwa macho, naipapasa ile simu isiyo na betri. Nikasikia mlango wa nje unafunguliwa taratibu. Nikatoka na kandambili. Ukungu wa mtoni ulikuwa umeshuka mpaka chini, hata taa za barabarani zilionekana kama maziwa yaliyomwagika. Mbele yangu kitu cheupe kinatembea bila haraka.

Nilimkuta mama mkwe kwenye kituo cha basi, njia yangu mwenyewe, amekaa kwenye benchi na nguo za maziko. Nywele zimechanwa vizuri.

Nikapiga magoti nikaungama yote: sabuni, droo, kengele, sauti ya mzee iliyorekodiwa.

Akasema, "Najua. Ukuta wetu ni karatasi. Jumatano nilijua ni simu, na nilifurahi kuisikia."

Nikamuuliza, basi kwa nini yuko hapa.

"Kwa sababu jana nilikusikia ukitoa betri. Na leo ameniita kwa jina. Miaka hamsini na moja ya ndoa, mkwe, hakuwahi kunitaja jina. Bibie tu, Bibie. Leo kasema Sun-rye."

Nikakaa kando yake nimlinde. Akauliza basi la kwanza linapita saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja na dakika arobaini. Ndipo likatokea jambo la aibu: nikalala. Ulikuwa usingizi wa kweli, wa kwanza wiki hii, na kichwa changu kilikuwa begani mwa mama mkwe aliyevaa sanda.

Alinipiga kofi dogo. Kumekucha. Akasema basi limesimama, mlango ukafunguka, hakushuka mtu. Akaliacha liende.

"Ningekuachaje hapa ukikoroma," akasema. "Ungeganda. Twende tukanywe supu."

Jumapili, tarehe 10

Hye-ran ameambiwa yote. Hakupiga kelele, na hilo limenitisha zaidi. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Simu ya mzee sasa iko kwa mama, na betri iko kwa Hye-ran. Nguo za katani zimekunjwa zikarudishwa sandukuni. Mama mkwe amekula mabakuli mawili, akadai mitungi yake kwa jirani.

Nimeapa mbele yao wote wawili: hakuna simu chumbani.

Jumatatu, tarehe 11

Daktari amelitazama daftari lake. Saa saba, saa saba, saa saba. Akaona wino ni mmoja na mwandiko ni wa dakika moja. Wiki nyingine nyumbani. Sijui kwa nini watu hawaaminiani siku hizi.

Bahati nzuri nilipitia gereji. Dereva mwenzangu Tak amenikopesha saa yake ya mkononi. Ina kioo na inashika mtandao, na inaingia vizuri chini ya mkono wa pajama. Niliapa kuhusu simu. Saa haikutajwa.

Sasa ni saa tisa na nusu usiku. Picha ni ndogo kama ukucha, ila kambare anaonekana. Hye-ran yuko hapa ubavuni, kalala. Mama mkwe anakoroma upande wa pili wa ukuta. Kibarazani kuna mtu anatembea na kandambili, anakwenda na kurudi, na ana kale kakohozi.

Nitakwenda kutazama. Wacha kwanza huyu samaki atolewe majini.